Shangazi Yangu, Jibini ya Taifa

Katika nchi yetu hakuna anayelazimishwa kufurahi. Kila raia hufurahi kwa hiari yake, na asiyefurahi hufuatwa nyumbani akaulizwa kwa upole sababu ni nini. Nalitaja hili mapema ili msomaji wa nje asije akadhani kwamba nitakayosimulia hapa yalifanyika kwa nguvu. Hakuna aliyelazimishwa. Hata mimi nilijitolea, tena huku nimeshikwa mkono.

Naitwa Badi Mwinyikai. Wakati wa mambo haya nilikuwa Afisa Sifa Daraja la Pili katika Wizara ya Urithi, Ladha na Utulivu. Barabara ikizinduliwa, mimi ndiye niliyeandika kwamba ni ya kihistoria. Barabara hiyohiyo ikisombwa na mvua, mimi ndiye niliyeandika kwamba imepumzika. Wenzetu wa Daraja la Kwanza waliruhusiwa kumsifu Mkuu wa Nchi mwenyewe. Sisi wa Daraja la Pili tulisifu vitu alivyovigusa. Niliipenda kazi yangu. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kusema neno baya juu ya kitu chochote, hata chakula cha kantini, na kwa ajili hiyo nilijiona mtu mwema kupita kiasi.

Mwaka ule Mkuu wa Nchi alisafiri ng'ambo, akarudi. Aliposhuka kwenye ndege waandishi wa habari walimuuliza ametuletea nini. Alisimama, akafikiri, akasema, "Jibini." Kisha akaingia garini.

Nchi ilitikisika. Watu wengine walidhani ni jina la waziri mpya, wakaanza kumtumia pongezi. Wizara yetu haikuwa imeambiwa lolote, na kwa sababu hiyo ilijua kwamba hilo ni agizo. Kikao cha dharura kikaitwa. Katibu Mkuu akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kula jibini. Watu wakatazama viatu vyao. Nikanyanyua mkono.

Ukweli ni kwamba niliwahi kupewa mkate wenye kipande cha jibini kwenye harusi moja ya hotelini. Nilidhani ni karatasi ya kufungia, nikaibandua taratibu na kuitia mfukoni nisije nikachafua meza. Lakini nilikuwa nimekaa nayo karibu kuliko mtu yeyote mle chumbani. Kufikia jioni nilikuwa nimeshateuliwa kuwa Mwonjaji wa Taifa.

*

Tunao mji wa kale, unaitwa Magofuni. Una kuta za mawe, milango ya mbao iliyochongwa, na vichochoro vyembamba ambavyo wafalme wa zamani walivijenga hivyo ili wajumbe wenye habari mbaya wachelewe kufika. Katibu Mkuu alikuwa amesoma kwenye gazeti la ndegeni kwamba miji ya kale ya wenzetu huwa na matembezi ya kuonja jibini: wageni wanatembezwa mitaani na kiongozi, wanasimama duka hili na lile, wanaonja, wanaelezwa historia, wanaondoka wakiwa marafiki wa nchi. Ikaamuliwa na sisi tuwe nayo. Mabalozi wote wangealikwa, na mwisho wa matembezi Waziri angechagua nyumba moja kongwe iwe Nyumba ya Jibini ya Taifa, pahali pa kuivishia jibini zetu pindi tutakapojua zinatengenezwaje.

Mimi nilikulia Magofuni. Wazazi wangu walipofariki, shangazi yangu Mwanakheri, dada mkubwa wa baba, alinichukua, akanilea pamoja na binti yake Riziki. Alitulea kwa maziwa. Alikuwa na vibuyu vyake, anatikisa maziwa kutoa samli, anagandisha mtindi, anauza mlangoni. Tangu nipate kazi ya kusifu sikuwa nimefika kwake kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimtumia salamu. Zilikuwa salamu nzuri sana, nilikuwa naziandika mwenyewe.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Milango yote ya mji iliamriwa ipakwe rangi ya jibini, na kwa kuwa hakuna aliyejua hiyo ni rangi gani, ikatumika manjano iliyokuwa imebaki kwenye kampeni za chama. Kuta za vichochoro zikabomolewa hapa na pale ili miavuli ya mabalozi ipite. Wenye maduka, wa viatu, wa mafuta ya taa, wa majeneza, wakagawiwa jibini zilizoagizwa ng'ambo na kuambiwa kwamba ndizo walizokuwa wakiuza siku zote.

Kiongozi wa matembezi alikuwa Bi Tausi, mwanamke mwembamba mwenye miwani aliyewahi kusomea jibini huko nje. Alikuwa akiipenda jibini kwa dhati, masikini. Hilo lilimfanya asiaminike kabisa pale wizarani.

*

Asubuhi ya matembezi Waziri wetu, Mheshimiwa Dachi, alifika na msafara. Ni mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea vipaza sauti hata visipokuwepo. Utaratibu ulikuwa huu: kila mtu anatia kipande kinywani, lakini hakuna anayemeza kabla ya Waziri kumeza. Halafu mimi natangaza ladha.

Kituo cha kwanza kilikuwa duka la viatu. Bi Tausi alianza kueleza kwamba jibini ile yenye matundu hutoka milimani, na kwamba matundu hutokana na hewa. Waziri akamkatiza.

"Haya matundu yalikuwepo ilipotoka kiwandani?"

"Yalikuwepo, Mheshimiwa. Ndivyo ilivyo."

"Una hakika? Maana mimi nawafahamu watu wa forodha."

Wasaidizi wakaandika. Nasikia afisa mmoja wa forodha alihojiwa wiki nzima kuhusu matundu, na mwishowe akakiri baadhi.

Kisha Waziri akatia kipande mdomoni na, kabla hajameza, akakumbuka hotuba yake. "Waheshimiwa mabalozi," alisema huku kipande kikimzunguka shavuni, "jibini ni nini? Jibini ni maziwa yaliyokubali nidhamu. Maziwa ya kawaida ni vurugu tupu. Yanamwagika, yanafuata upande wowote ule. Lakini jibini ukiiweka inakaa! Ukiikata haipigi kelele! Huyo ndiye raia tunayemjenga!" Aliendelea vile kwa muda. Mabalozi walisimama na mashavu yamevimba, macho yakiwatoka, wakisubiri idhini ya kumeza.

Alipomeza, wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimeonja kitu kama sabuni ya kufulia iliyosahauliwa kwenye jua. "Jibini hii," nikasema, "inaanza kwa unyenyekevu, inasonga mbele kwa msimamo, na kumalizikia kwenye maendeleo." Makofi. Bi Tausi alinitazama kama mtu aliyekanyagiwa mtoto.

Kituo cha pili, kwa muuza mafuta ya taa, kilileta tatizo la kiusalama. Jibini yake ilikuwa na ukungu wa buluu.

"Imeoza," alisema Waziri.

"Hapana, Mheshimiwa, huo ukungu umewekwa makusudi," alisema Bi Tausi.

"Umewekwa na nani?"

"Na watengenezaji. Unakua polepole, kwa ndani."

Waziri akarudi nyuma hatua moja. "Kwa ndani! Polepole! Na rangi yenyewe ya buluu!" Buluu ni rangi ya chama cha upinzani, ambacho kwetu kipo kwa mujibu wa katiba. Maafisa wawili waliizingira sahani. Mimi nikaitwa nitoe maoni ya kitaalamu, nikasema kwamba huu ni ukungu mtiifu, ulioomba kujiunga na jibini kwa hiari yake, na sasa umezungukwa pande zote. Waziri akafurahi sana, akala kipande kikubwa kuonyesha kwamba serikali haiogopi.

Nilikuwa napaa. Msomaji anisamehe, lakini sijawahi kujisikia vile. Kila nikifungua mdomo, mabalozi wanapiga makofi. Nilianza kutembea mikono nyuma.

*

Tulikuwa tunaelekea duka la majeneza, tukipita kwenye pengo la ukuta uliobomolewa, Waziri aliposimama ghafla.

"Nasikia harufu," alisema.

Mbele yetu palikuwa na mlango mdogo wa manjano, kama milango mingine yote ya manjano. Bi Tausi akasema hapo si kituo. Waziri akapiga vidole. "Mwonjaji!"

Nikasogea, nikaweka pua kwenye upenyo wa mlango. Na hapo likanipata jambo. Machozi yakaanza kunitoka yenyewe. Nikadhani hiyo ndiyo hali inayowapata wataalamu wakikutana na jibini ya kweli.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ikitetemeka, "hii harufu ina moshi ndani yake. Ina uchachu. Ina subira. Ni harufu ya kitu kilichowatunza watu bila kudai shukrani. Mgeni wa nchi yoyote akisimama hapa atamkumbuka mama yake. Sijapata kuonja wala kunusa kitu kama hiki. Kama taifa hili lina jibini, basi imo nyuma ya mlango huu."

Zilikuwa sifa bora kuliko zote nilizowahi kutoa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema nilichohisi. Balozi mmoja alitoa leso. Waziri mwenyewe alimeza mate.

"Imetosha," alisema. "Nyumba imepatikana. Waliomo wahamishwe leo."

Msaidizi akabandika bango mlangoni: MALI YA LADHA YA TAIFA. Alipokuwa akipigilia msumari wa mwisho, mlango ukafunguliwa kwa ndani, akatokea mwanamke mzee mfupi, kilemba kimekaa upande, mkononi ana kapu la safari alilokuwa akilipanga. Akatutazama. Akatazama bango. Kisha akanitazama mimi.

"Badi?" alisema. "Ndiyo wewe unayelia mlangoni kwangu badala ya kubisha hodi?"

Nilikuwa nimeingia kwa upande wa nyuma, kupitia ukuta ambao haukuwa wazi nilipokuwa mtoto, kwenye mlango ambao siku zile haukuwa wa manjano. Huo ndio utetezi wangu, na hata mimi hauniingii akilini. Mtu ananusa nyumba aliyolelewa, analia, na bado anadhani ni jibini.

*

Shangazi hakujua kumwacha mgeni nje. "Karibuni. Viatu hapo mlangoni." Waziri alivuliwa viatu na wasaidizi wawili, akakalishwa kwenye mkeka, akapewa mtindi katika kikombe cha bati. Akanywa, akaomba mwingine.

Shangazi akakaa karibu nami. "Huyu mwenzio anasemaje? Maana amesema maneno mengi na sikuambulia hata moja."

"Shangazi, Serikali imeiona nyumba yako."

"Imeiona, ikafanyaje?"

"Imeipenda."

"Haya, ahsante. Ikimaliza kuipenda itakwenda zake?"

"Imeipenda kwa namna ya kudumu. Imeonelea wewe upate fursa ya kufurahia makazi mengine, kwa mtazamo mpana zaidi..."

"Badi." Aliniwekea mkono gotini. "Sema nami kama ulivyokuwa ukisema kabla hawajakusomesha. Natolewa?"

Nikatazama mkeka. "Unatolewa, shangazi."

Hakupiga kelele. Alitazama vibuyu vyake vilivyoning'inia ukutani. "Kesho nasafiri kwenda Kilimasi kwa Riziki," alisema. "Siku zake zimekaribia. Ndiyo mimba ya kwanza, na ana hofu. Nimemuahidi nitakuwepo. Sasa nikirudi nitarudi wapi?"

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kama simba. Nilisimama kama mtu aliyekalia siafu. Nikamwendea Waziri, nikamnong'oneza kwamba kuna kosa, kwamba mimi sijui lolote kuhusu jibini, kwamba ile ya harusini niliitia mfukoni.

Waziri alicheka mpaka mtindi ukamwagika. "Badi, bwana! Unadhani tulikuteua kwa sababu unajua? Mimi nimesomea mifereji. Yule wa Afya aliwahi kuwa mgonjwa. Tulia."

Basi nikarudi kwenye silaha pekee niliyokuwa nayo. Nikasifu. Nikasema kwa sauti, mabalozi wasikie, kwamba harufu ile haitoki kwenye kuta. Inatoka kwa mwanamke huyu, mikononi mwake, kwenye pumzi yake, kwamba bila yeye nyumba ni mawe matupu, kwamba yeye ndiye kiini, yeye ndiye ladha.

Waziri alifikiri.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "jibini ni yeye."

"Mheshimiwa, huyu ni mtu," alisema Bi Tausi.

"Sheria haisemi jibini isiwe mtu."

Na kweli, sheria ilikuwa haijaandikwa. Bango likang'olewa mlangoni, likaandikwa upya, na shangazi yangu Mwanakheri akatangazwa mbele ya mabalozi kuwa Jibini ya Taifa. Hatahamishwa. Atabaki nyumbani mwake maisha yake yote. Watu walipiga makofi, nami nikayapiga kuliko wote, nikimkonyeza shangazi kwamba, umeona? Nimekuokoa. Yeye hakunikonyeza.

*

Asubuhi yake alitoka na kapu lake, akakuta walinzi wenye kofia za manjano mlangoni.

"Unakwenda wapi, Bi mkubwa?"

"Kilimasi, kwa binti yangu."

"Jibini ya Taifa haitoki Magofuni," alisema mmoja wao kwa heshima zote. "Ni urithi."

Wizara ilikuwa imemwomba Bi Tausi aandike namna jibini inavyotunzwa. Yeye aliandika kuhusu jibini, kwa uaminifu, na wao wakatekeleza kwa shangazi, kwa uaminifu uleule. Madirisha yakazibwa kwa sababu jibini haitaki jua. Akakatazwa kuota moto. Na kwa kuwa jibini inayoivishwa hugeuzwa mara kwa mara, maafisa wawili walikuwa wakipiga hodi kila alipojinyoosha. "Bi mkubwa, samahani, muda wa kugeuzwa." Mara ya kwanza alidhani amesikia vibaya. Mara ya pili aliwamwagia maji ya kuoshea vibuyu, na wakaripoti kwamba jibini imeanza kutoa unyevu, dalili nzuri.

Na wageni! Matembezi yalikuwa na mafanikio. Makundi yalikuja, yakaingia kwa mstari, yakamzunguka shangazi aliyekaa kwenye kigoda, yakanusa. Mke wa balozi mmoja aliuliza kama anaweza kukwangua kidogo. Mimi nilihamishiwa pale mlangoni, kumsifu kwa kila kundi. "Ina moshi," nilikuwa nasema. "Ina subira." Subira ilikuwa ikipungua, naiona kwa macho.

Hakuwa akisema nami. Alikuwa akinipa chai, kwa sababu mtoto wa ndugu yake hawezi kukaa na njaa nyumbani mwake, lakini kikombe alikiweka mbali kidogo, niinuke kukifuata.

Ndipo simu ikalia kutoka Kilimasi. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaisikia sauti ya Riziki, nyembamba, ya mtu anayejikaza.

"Mama, mbona huji? Mkunga anasema wakati wowote kuanzia sasa. Mama, uliniahidi."

"Nakuja, mwanangu. Nimecheleweshwa kidogo tu."

"Umecheleweshwa na nini?"

Utamwambiaje mwanao kwamba umekuwa jibini? Shangazi alipokata simu alikaa na kuiweka mapajani, na nikaona anafuta macho kwa ncha ya khanga haraka haraka, kabla kundi jingine halijaingia. Katika malezi yake yote kwangu sikuwahi kumwona akilia. Nilitaka kusema kitu. Kilichonijia kinywani kilikuwa, "Ina unyevu." Namshukuru Mungu nilikimeza.

*

Nikamtafuta Bi Tausi. Nilimkuta amekaa nyuma ya duka la majeneza, anakula kipande cha jibini peke yake, kwa utulivu, bila hotuba. Nikamwambia yote.

"Kuna njia moja," alisema. "Jibini ikiharibika inatupwa. Hiyo wameisoma, nimeiandika mwenyewe."

"Na nani anaamua kwamba imeharibika?"

Alinitazama juu ya miwani. "Mwonjaji wa Taifa."

Nikarudi mbio kwa shangazi, nikamweleza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alinisogezea kikombe karibu.

"Basi rahisi," alisema. "Kesho Waziri anakuja na wageni. Sema nimeharibika."

"Siwezi, shangazi."

"Huwezi nini?"

"Sijawahi. Sijui yanasemwaje."

"Neno baya hujui? Nimekulea mtaa huu, umepita kwa wale wauza kuku kila siku, na neno baya hujui?"

"Nilikuwa nayajua. Yamenitoka."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu kama alivyokuwa akikaa zamani akinifundisha kuhesabu. "Sema: wewe ni mchungu."

"Wewe una... uchungu wenye hadhi."

"Badi!"

"Wewe ni mchungu, kwa namna ya kipekee."

"Toa huo upekee! Sema: wewe ni mkaidi."

"Wewe ni... thabiti."

Alinipiga kwa mwiko. Tukaendelea mchana ule wote, yeye akinipa matusi yake mwenyewe neno kwa neno, na mimi nikiyarudisha yamevaa suti. Walinzi wakasogea kusikiliza. Mmoja akaanza kunisaidia. Jua lilipopungua nikaweza kutamka "mbaya" bila kuongeza kitu, lakini nililazimika kukaa chini baadaye.

*

Waziri alikuja asubuhi, na kundi kubwa, na redio ya taifa. Shangazi alikuwa kwenye kigoda, kapu lake limefichwa nyuma ya miguu. Waziri akatoa hotuba, akasema nchi jirani zimetuma maombi ya kuazima jibini yetu, akanigeukia.

"Mwonjaji, tuambie leo ikoje."

Nikafungua mdomo. Maneno yote mazuri ya maisha yangu yalikuwa yamejipanga nyuma ya meno, yanasukumana kutoka. Nikamtazama shangazi. Alikuwa amekunja midomo, kama mtu anayemtazama mtoto akijaribu hatua.

"Imeharibika," nikasema.

Mtu wa redio aliangusha kipaza sauti.

"Unasemaje?"

"Imeharibika, Mheshimiwa. Ni chungu. Ni kaidi. Haikatiki. Ukiitafuna inakutafuna. Haikai pale inapowekwa, haimwogopi mtu, haitaki kugeuzwa, na ukiifungia gizani inachacha mpaka mtaa mzima unajua. Mtu yeyote atakayeimeza itamkwama kooni. Haifai. Haifai kabisa kwa taifa hili."

Nilikuwa nahema. Nikamgeukia shangazi, nikitarajia kuona ameumia, maana mengine kati ya hayo hakunifundisha. Alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, kidevu juu, uso unang'aa kama mwanamke anayesikia akiletewa posa. Nimemwandikia salamu kwa miaka mingi, na hakuna hata moja iliyowahi kumkaa vizuri namna ile.

Waziri alikuwa tayari ameshika pua. Wote wakashika pua. Harufu ilikuwa ileile, ya moshi na uchachu, lakini sasa ilikuwa imetangazwa.

"Na mimi niliunywa ule mtindi wake," alisema Waziri, akijishika tumbo. "Itupwe! Itupwe mbali!"

"Mbali kama wapi, Mheshimiwa?" aliuliza msaidizi.

"Pasipofika watalii."

Bi Tausi akakohoa. "Kilimasi hawafiki," alisema.

"Kilimasi! Sasa hivi! Na huyu Mwonjaji naye, ameshaigusa, atatuambukiza wizara nzima."

Ndivyo shangazi yangu alivyosafirishwa kwenda kwa binti yake kwa lori la taka la Serikali, king'ora kikilia, magari mengine yakikimbilia pembeni. Alikaa mbele na dereva, kapu mapajani. Mimi nilikaa nyuma, kwenye sanduku la taka, bila cheo. Njiani dereva alifungua dirisha akaniuliza nilikuwa na kazi gani kabla ya hapo. Nikamwambia nilikuwa nasema vizuri. Akafunga dirisha.

Nyumba ya Magofuni ilizungushiwa utepe wa manjano na kuandikwa kwamba imeharibiwa na jibini, kwa hiyo haina faida tena kwa taifa. Hakuna aliyeigusa. Arobaini ya uzazi wa Riziki ilipokwisha shangazi alirudi, akaukata utepe kwa kisu cha jikoni, akaufungia vibuyu vyake. Matembezi yanaendelea hadi leo, nasikia. Siku hizi wanaonja ukuta.

*

Tulifika Kilimasi mkunga akiwa ameshaanza kupandisha sauti. Shangazi alishuka kabla lori halijasimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nikabaki barazani nanuka taka, nikisikiliza. Niliisikia sauti ya Riziki ikilia "Mama!" na sauti ya shangazi ikisema kwamba yupo, yupo, hatoki. Jua likasogea. Kisha ikaja sauti ya tatu, ndogo, yenye hasira.

Baadaye wakaniita. Riziki alikuwa amelala, uso umechoka na umefurahi, na kifuani amembeba mtoto wa kike aliyefungwa kwenye khanga. Majirani walikuwa wamejaa. Mtu mmoja aliyekuwa akisikiliza redio akasema, huyu si ndiye Badi wa Wizara, bingwa wa sifa? Basi amsifu mtoto. Wote wakanigeukia.

Nikainama, nikamtazama vizuri. Alikuwa mwekundu, amekunjamana, hana nyusi, jicho moja limefumba na jingine linanitazama kwa mashaka. Nikatafuta yale maneno ya zamani na sikuyakuta.

"Ana sura ya mzee wa baraza," nikasema. "Tena aliyeshindwa kesi."

Mto ulinipiga usoni kabla sijanyooka. "Mama!" alifoka Riziki. "Huyu umemleta wa nini?"

Shangazi alimchukua mjukuu wake, akamfuta paji la uso kwa kidole gumba, wala hakunitazama.

"Mwache," alisema. "Ndiyo kwanza anaanza kusema."